Jirani ananiuzia lama mpole: nimnunue?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni Mtanzania, kwetu Mbulu, ila sasa naishi Ohio, Marekani, shambani nje ya mji. Nina kondoo 34, na koyote, wanyama wa porini wa huku wanaofanana na mbweha, wananimalizia wana-kondoo. Kuna jirani ananiuzia lama dume wa miezi saba. Mama yake alikufa, wakamlea kwa chupa, na mpaka leo analala ukumbini kwao. Ni mpole ajabu: ukiingia anakuja mbio, anakunusa usoni, anakuegemea. Bei ni ya kutupa. Nimesikia lama hulinda kondoo, lakini mke wangu anasema ni mnyama wa kutema watu mate na hamtaki karibu na watoto. Huyu ni mnyama gani hasa, ndugu wa kondoo au wa ngamia? Kulinda anaweza? Kubeba mizigo je, au mwanangu wa miaka sita akampanda? Na huyu wa jirani, nimchukue?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi, lakini la mwisho ndilo lenye haraka, kwa hiyo naanza nalo: huyo wa jirani usimchukue. Si kwamba lama hakufai. Kwa kondoo 34 na koyote wa Ohio, lama ni mlinzi mzuri, tena gharama yake ni ndogo. Ila huyo mmoja hafai, na sababu ni zilezile ulizoniandikia kama sifa: dume, kalelewa kwa chupa, analala na watu, anakimbilia watu na kuwaegemea. Ili unielewe, inabidi kwanza tumjue mnyama mwenyewe.

Lama ni ngamia. Asikubabaishe kwa sufu yake wala kwa kukosa nundu. Mwangalie mdomo: wa juu umepasuka katikati, na kila upande unacheza peke yake anapochagua majani. Mwangalie mguu: hana kwato kama za kondoo, ana vidole viwili vyenye kucha, na chini yake nyayo laini kama za ngamia. Akitembea kwa haraka, mara nyingi mguu wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja huenda pamoja, kisha wa upande wa pili. Akitaka kulala anapiga magoti ya mbele kwanza, anakunja ya nyuma, kisha anajikalia kifuani. Anacheua kama kondoo wako, lakini tumbo lake lina vyumba vitatu, si vinne. Aliyekulia karibu na ngamia kule Isiolo au Marsabit angemtambua lama kwa mwendo tu, akiwa bado mbali.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba ukoo wa ngamia ulianzia huko huko uliko, Amerika ya Kaskazini, zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita. Tawi moja lilivuka kwenda Asia enzi ambazo nchi kavu iliunganisha Alaska na Siberia, na ndilo lililotupatia ngamia wa Uarabuni na wa Pembe ya Afrika. Tawi jingine, yapata miaka milioni 3 iliyopita, lilishuka kupitia Panama hadi Amerika ya Kusini. Waliobaki kaskazini walikufa wote mwishoni mwa enzi ya barafu. Kwa hiyo lama anayeshushwa kwenye lori hapo Ohio anaitwa mgeni, lakini mababu zake ndio waliokuwa wenyeji.

Huko kusini walibaki wa aina nne. Guanako na vikunya ni wa porini. Watu wa nyanda za juu za Andes, sehemu ambazo leo ni Peru, Bolivia, na kaskazini mwa Chile na Argentina, walimfuga guanako akawa lama, na vikunya akawa alpaka, miaka 6,000 hadi 7,000 iliyopita. Alpaka ni wa sufu nzuri, lama ni wa mizigo, na nyama ya wote wawili huliwa. Mpaka leo Bolivia ndiyo yenye lama wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Tofauti yao uijue mapema, maana wapo wauzaji watakaokupa alpaka wakikuambia ni sawa tu. Lama ana masikio marefu yaliyopinda ncha kwa ndani, mgongo mrefu ulionyooka na uso mrefu. Kilo zake ni 130 hadi 200, na akinyanyua kichwa anafika mita 1.7 au zaidi. Alpaka ana masikio mafupi yaliyosimama wima, uso mfupi wenye sufu hadi kwenye paji, na uzito wake mara nyingi haufiki nusu ya wa lama. Alpaka hatakulindia kondoo. Yeye mwenyewe anahitaji mlinzi.

Damu yake nayo ni ya ngamia. Seli nyekundu za damu za mnyama karibu yeyote anyonyeshaye ni za duara. Za ngamia, lama na ndugu zao ni za umbo la yai. Hemoglobini ya lama, yaani kile kinachobeba oksijeni ndani ya damu, huishika kwa nguvu kuliko ya wanyama wa bondeni, ndiyo maana anaishi na kufanya kazi katika mita 3,500 hadi zaidi ya 4,500 bila kuhema. Aliyewahi kulala kambi ya Horombo kule Kilimanjaro, mita 3,720, anajua kichwa kinavyogonga usiku ule. Kwa lama, kimo hicho ni malisho ya kawaida.

Tena kuna jambo la damu hiyo ambalo sisi watu wa maabara tunalipenda. Mwaka 1993 kikundi cha Raymond Hamers huko Brussels kilitangaza kwamba ngamia na jamaa zake, pamoja na kingamwili za kawaida, wale askari wa mwili wanaonasa vijidudu vya magonjwa, wanazo nyingine ndogo na sahili zaidi, zilizokosa nusu ya viungo vyake. Udogo huo una faida: sehemu yake ya kunasa inaweza kukatwa, ikazalishwa kwa wingi kiwandani, na ikapenya mahali ambapo kingamwili kubwa haifiki. Dawa ya kwanza iliyotokana na ugunduzi huo, kaplasizumabu, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2018 kwa ugonjwa adimu wa kuganda kwa damu. Na mwaka 2020, dunia ilipokuwa imejifungia ndani, lama mmoja wa Ubelgiji aitwaye Winter alitajwa kote kwa sababu kingamwili za mwili wake zilionekana maabara kuweza kukizuia kirusi cha korona.

Udugu huu ni wa karibu kiasi kwamba Dubai, mwaka 1998, wataalamu walipata mtoto mseto kati ya ngamia wa Kiarabu na jamaa yake wa Amerika ya Kusini. Ilibidi wapandishe kwa mirija, kwa kuwa ngamia dume anaweza kuwa mzito mara sita ya jike huyo. Mseto ule, aliyepewa jina la “kama” (cama), hana nundu, na vidole vyake vimegawanyika kama vya lama. Ulikuwa udadisi zaidi kuliko ufugaji, kwa maoni yangu, na sijaona aliyetajirika kwao.

Sasa tuje kwenye tabia, maana hapo ndipo kesi yako ilipo.

Lama ni mnyama wa kundi, na ndani ya kundi kuna vyeo. Kila mmoja anajua nani anakula kabla yake na nani anampisha njiani, na vyeo hivyo hubadilika mara kwa mara kwa magomvi madogo madogo. Mate ni lugha ya magomvi hayo. Kwanza masikio yanalala nyuma. Kisha kidevu kinapanda juu, pua ikielekea mbinguni. Mpinzani asipoelewa, kinatoka kishindo cha hewa chenye mate machache na majani yaliyokuwa mdomoni. Asipoelewa na hapo, ndipo lama anapovuta kutoka tumboni: uji wa kijani, mchachu, wenye harufu usiyoisahau, unaoruka hata mita tatu. Mwenyewe hapendi. Baada ya kufyatua ule wa tumboni, utamwona amesimama na mdomo wazi, mdomo wa chini unaning'inia, mate yanadondoka, dakika kadhaa hataki kula kitu. Ndiyo maana huwa ni hatua ya mwisho, si mchezo.

Wanatemeana wao kwa wao: kwenye hori la chakula, au jike mwenye mimba anapomfukuza dume. Wafugaji hutumia hilo kama kipimo: wakitaka kujua kama jike ameshika mimba, wanamsogezea dume. Akitema na kukimbia, dalili ni nzuri. Lama aliyelelewa na wenzake hana sababu ya kumtemea binadamu, isipokuwa umembana kwenye kona umchome sindano, au umesimama kati ya wawili wanaogombana. Kwa hiyo mwambie mke wako kwamba ana haki nusu. Mate yapo, lakini hayaendi kwa mtu hovyo. Anachotakiwa kukiogopa si mate.

Cha kuogopa ni dume aliyelelewa kwa chupa. Mtoto wa lama aliyezaliwa vizuri anakua akiangalia lama. Mama yake humnusa na kumwimbia kwa mguno laini wa puani tangu dakika ya kwanza. Hamrambi, kwa sababu ulimi wa lama umefungwa chini na hautoki nje ya mdomo zaidi ya kidogo sana. Katika wiki na miezi inayofuata, wakubwa humfundisha adabu. Akimsogelea mkubwa kwa ujeuri anatemewa, anapigwa teke, anafukuzwa. Akifika mwaka anajua umbali wa kukaa na kila mtu.

Mtoto wa chupa hafundishwi lolote. Anayempa maziwa ni binadamu, wa kucheza naye ni binadamu, anayemkumbatia ni binadamu, na hakuna anayemfukuza, kwa kuwa ni mdogo na anapendeza. Anakua akijihesabu kwamba sisi ni lama wenzake. Kwa jike shida si kubwa sana. Kwa dume, homoni za utu uzima zikianza kupanda, kwenye miaka miwili au mitatu hivi, kila mwanaume, mwanamke au mtoto anayeingia zizini anakuwa dume mwenzake wa kupigania cheo. Hapo sasa anakuja mbio kama alivyozoea, lakini haji kunusa. Anakupiga kifua kwa kifua, anakuangusha, anapanda juu yako, anauma magoti na mapaja. Ni kilo 150 zenye shingo ndefu. Na kufikia umri huo dume ana chonge sita zilizopinda kwa nyuma, nne juu na mbili chini, zilizoumbwa kwa kazi ya kuchana masikio na korodani za madume wengine. Wafugaji makini huzikata kwa sababu hiyo.

Sasa rudia kusoma barua yako. Anakuja mbio. Ananusa uso. Anaegemea. Kwa macho ya mtu aliyezoea mbwa, hayo ni mapenzi. Kwa macho ya lama, mdogo anayemwegemea mkubwa anamkosea adabu na hajui. Huyo wa jirani amekwisha kuanza, bado tu hana uzito. Kuhasiwa mapema kunapunguza hatari, na kama jirani anataka kubaki naye, basi amhasi sasa hivi, amtoe ukumbini, na amtafutie kundi la lama wakubwa wamkanye. Mwambie hivyo kwa moyo mweupe. Lakini hata akifanya yote hayo, hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba atapona tabia, na wewe una mtoto wa miaka sita.

Lama mzuri kwa mfugaji ni yule ambaye mara ya kwanza atakukatisha tamaa. Unaingia malishoni, yeye anainua kichwa, anakutazama kutoka mita ishirini, kisha anaendelea kula. Ukimsogelea polepole, huenda akanyoosha shingo akanusa hewa karibu na uso wako, akarudi nyuma. Kichwa chake hapendi kiguswe. Anavaa hatamu bila vita, anafuata kamba, na ukimwachia anakwenda zake. Huyo ndiye mpole. Watu hudanganywa na picha za lama wanaobusu watalii.

Kuhusu ulinzi: ndiyo, analinda, na Wamarekani wamemtumia kwa kazi hiyo tangu miaka ya 1980. Hafundishwi. Lama ana chuki ya asili na wanyama wa jamii ya mbwa, na akiwekwa peke yake na kondoo anawafanya kuwa kundi lake. Akimwona koyote, anasimama wima, masikio mbele, na kupiga ukelele mkali wa kukatakata unaosikika mbali. Kisha ama anamwendea mbio, ama anawasukuma kondoo kona moja na kusimama katikati. Anapiga teke, anakanyaga kwa miguu ya mbele. Koyote mmoja au wawili, ambao huvizia mtoto wa kondoo wakitafuta kazi rahisi, mara nyingi huona haifai wakaondoka.

Chagua dume aliyehasiwa, mwenye umri wa angalau mwaka mmoja na nusu, na ikiwezekana miwili. Dume asiyehasiwa atajaribu kuwapanda kondoo majike, na kwa kuwa lama hupanda akiwa amelala kifudifudi kwa nusu saa nzima, anaweza kumkandamiza kondoo hadi afe. Nunua mmoja tu. Wakiwa wawili watakaa pamoja wakizungumza yao, kondoo wakiliwa upande wa pili wa uzio. Mimi sipendi sana kumtenga mnyama wa kundi na wenzake, nisikufiche, lakini aliyehasiwa na kukua vizuri huwakubali kondoo kweli, analala nao na kutembea nao, na sijamwona akinyongea.

Mipaka yake pia uijue. Lama ni mnyama wa kuliwa, si mla nyama. Kundi la mbwa watano wa mitaani linaweza kumuua. Mbwa mwitu na puma, paka mkubwa wa porini wa Amerika, wanamuua bila shida, na kule Andes puma ndiye adui yake wa tangu zamani. Wewe Ohio hao huna, shida yako ni koyote, kwa hiyo hesabu inakubali. Ndugu zetu wa Longido na Laikipia watakaosoma hapa wakapata wazo, naomba waliache. Fisi na chui hawatamwona lama kama mlinzi, watamwona kama kondoo mkubwa. Boma la miiba na mbwa wenye sauti vimewafaa siku zote.

Mizigo anabeba, na ndiyo kazi iliyomfanya afugwe. Dola la Inka, lililotawala Andes kabla ya Wahispania, halikuwa na farasi wala halikutumia gurudumu. Misafara ya lama ndiyo iliyopandisha mahindi na kushusha chumvi, nyama kavu na sufu kati ya nyanda za baridi na mabonde. Wahispania walipoanza kuchimba madini ya fedha Potosí, katika Bolivia ya leo, mwaka 1545, lama ndio waliobeba madini yale mlimani. Hata katika miaka ya karibuni, wapo wafugaji wa kusini mwa Bolivia walioendelea kubeba chumvi ya Uyuni kwa misafara kwenda kubadilishana na mahindi mabondeni. Wanatumia madume tu. Wanaoongoza msafara huvishwa kengele shingoni na vishada vya sufu za rangi masikioni, na wengine wanafuata bila kufungwa kamba. Kila mmoja hubeba kilo 25 hadi 35, na mwendo wa siku ni kilomita 15 au 20, kwa kuwa ni lazima wapate muda wa kula na kucheua. Ukizidisha mzigo, lama habishani. Analala chini, na hutamwinua kwa fimbo, mpaka upunguze.

Kwa hiyo kuni za kutoka msituni atakubebea, ukimzoesha polepole na ukampatia tandiko lake, si la punda. Mtu mzima hapandi lama kabisa, mgongo wake haukuumbwa kwa hilo. Mtoto wa miaka sita kwa uzito anavumilika, lakini lama mlinzi umemnunua akae na kondoo, na mnyama unayetaka aheshimu umbali usimpandishie mtoto mgongoni. Mwanao mtafutie farasi mdogo.

Matunzo hayana makubwa. Nyasi kavu kiasi cha asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo tatu hivi kwa lama wa kilo 150, akikosa malisho. Madini ya kondoo yanamfaa, kwa sababu lama, kama kondoo, hudhurika na shaba nyingi. Chakula cha ng'ombe au cha kuku kilichoongezwa shaba usimpe. Kucha hukatwa zikirefuka. Samadi hutaisumbukia: lama wote hujisaidia mahali pamoja palepale, lundo moja au mawili kwa malisho yote, na vidonge vyake vikavu unaweza kuviweka bustanini moja kwa moja bila kuunguza mimea. Andes, ambako miti ni haba, wanavitumia kama kuni, na mashamba ya mahindi na viazi yalirutubishwa navyo karne nyingi.

Mambo mawili ya Ohio lazima uyawekee alama. La kwanza ni joto la Julai lenye unyevu. Baridi ya theluji haimtishi, aliumbwa nayo. Joto la jasho ndilo linaloua. Mnyoe sufu kabla ya Juni, umpatie kivuli na upepo. Ukimwona anahema mdomo wazi na kulegea, mwagia maji tumboni, kwapani na ndani ya mapaja, sehemu zenye nywele chache ambazo ndizo anazopozea mwili. Usimwagie mgongoni, kwani sufu iliyolowa hufunika joto ndani kama blanketi.

La pili ni mnyoo wa ubongo. Kulungu wa huko wenye mkia mweupe wanaishi nao bila kuumwa. Vijidudu vyake hutoka na mavi yao, vikaingia kwa konokono na koa, na lama anapokula majani yenye koa mdogo, mnyoo unapotea njia: badala ya kufika unapotaka, unatangatanga kwenye uti wa mgongo ukiuharibu. Dalili ya kwanza ni miguu ya nyuma kuyumba, kidole kuburutwa, lama kushindwa kuinuka. Ukisubiri kesho, umechelewa. Madaktari wengi wa upande huo wa Marekani hutoa sindano ya ivamektini, dawa ya minyoo, kila mwezi hivi kwa ajili ya kuzuia. Ratiba kamili mpange na daktari wa kwenu, kwa sababu dawa hiyohiyo ikitolewa kiholela huwafanya minyoo wa tumboni kuwa sugu, na hao kondoo wako wanao. Malisho yenye maji maji karibu na msitu, yazungushie uzio.

Ukienda kununua, usianze kwa kumwangalia lama. Muulize mwenye naye: alinyonya mama au chupa? Alikaa na lama wenzake hadi umri gani? Amehasiwa lini, na chonge zimekatwa? Aliwahi kukaa na kondoo? Kisha omba umwone akifungwa hatamu na mwenyewe, halafu uone anavyofanya mtu mgeni anapoingia zizini. Anayekimbia kukukumbatia, muache. Anayejibana ukutani akilia kwa woga naye muache, utahangaika kumkamata kila siku ya sindano. Mchukue anayekutazama na kubaki alipo.

Akifika, mweke kwenye zizi dogo lililopakana na kondoo, waonane kwa uzio siku kadhaa, kisha waingie pamoja kwenye eneo dogo kabla ya kuwafungulia malisho yote. Kama una mbwa wa nyumbani, mtambulishe ukiwa umemshika kamba, na usishangae lama asipompenda kamwe. Na kabla hujatoa pesa, piga simu kwa madaktari wa mifugo wa eneo lako uulize nani anatibu lama, maana wengi wao hutibu ng'ombe, farasi na mbwa tu.